Kupima Moto Usioguswa: Kutoka Matanuri ya Buhaya hadi Mwanga wa Leza



Kila mtu aliyekulia kati ya Bukoba na Muleba anajua jambo moja kuhusu kahawa: mkulima hamwachii mnunuzi mizani peke yake. Atalifikisha gunia lake, atalipandisha, kisha atasogea, atainama na kuutazama mshale kwa macho yake mwenyewe kabla ya namba kuandikwa kitabuni. Hafanyi hivyo kwa kuwa kila karani ni mwizi. Hufanya hivyo kwa kuwa kipimo kinachosomwa na upande mmoja tu hakimalizi ubishi. Wahenga walikwisha kusema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Makala haya ni ya historia ya fizikia. Yanaeleza jinsi wataalamu walivyojifunza kutumia mwanga wa leza kupima moto ambao hakuna chombo kiwezacho kuugusa, yaani plazima iliyomo katika mitambo ya kuunganisha viini vya atomu. Huenda msomaji akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Kagera? Jibu langu ni kwamba swali la kupima moto mkali, na la nani aaminiwe baada ya kuupima, lilipata kuulizwa hapa hapa kwetu. Basi tuanzie nyumbani.

MATANURI YA WAZEE WETU

Katika sehemu kadhaa za Buhaya mtu akilima shamba la migomba, jembe lake hugonga vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu. Hayo ni mavi ya chuma, masalio ya mawe yaliyochomwa ili kupata chuma. Kule Katuruka, karibu na Maruku, wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ili afike mbinguni kuona kulivyo. Mnara ukaanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkoa huu ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, alifika mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, akasikiliza masimulizi hayo, akaonyeshwa mahali penyewe, akachimba. Aliyoyakuta ardhini yalikuwa mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Katikati ya miaka ya 1970 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mhandisi wa metali, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walijenge tena tanuri. Kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo mingi, tangu chuma cha madukani kutoka Ulaya kilipoizima. Wazee wakachimba shimo, wakalisiriba udongo, wakachomea humo majani ya bondeni hata yakawa makaa. Juu yake wakasimamisha kuta kama za bomba la moshi, wakazungushia kewa, yaani mabomba ya udongo yapitishayo upepo, na nyuma ya kewa wakaweka mivukuto. Kewa zile hazikuishia ukutani. Ziliingia ndani kabisa ya moto.

Fundi wa tanuri hana kipimajoto. Huutazama moto unavyogeuka kutoka wekundu kwenda manjano, na manjano kwenda weupe. Husikiliza mivukuto. Huangalia mavi ya chuma yanavyotiririka. Elimu hiyo ni ya kweli, lakini ina udhaifu mmoja: humo machoni mwa fundi ndimo inamokaa, na fundi akifa huondoka nayo. Wageni wale walitia vipimajoto vya umeme. Kipimo hicho ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata joto hutokea umeme kidogo, na kiasi cha umeme huo ndicho kinachotaja joto. Walitangaza kwamba karibu na midomo ya kewa joto lilizidi digrii 1,800 za sentigredi. Makala yao yalitoka katika jarida la Kimarekani liitwalo Science tarehe 22 Septemba 1978, wiki chache tu kabla majeshi ya Idi Amin hayajauvamia mkoa wetu.

Habari hiyo iliwashtua wengi waliodhani kwamba Afrika haikuwa na ufundi wake wa chuma cha pua. Wako wataalamu waliobisha, na baadhi yao wanaendelea kubisha, hasa kuhusu maelezo kwamba upepo ulipata joto ndani ya kewa kabla ya kufika kwenye makaa. Ubishi huo ni halali. Lakini tazameni umebadilika namna gani. Zamani ulikuwa ubishi wa dharau dhidi ya masimulizi. Sasa ni ubishi wa vipimo vilivyowekwa mezani, na kila mtu anaweza kuvisoma.

Basi wekeni akilini hizo nyaya mbili zilizotiwa motoni. Kwa moto wa digrii 1,800 zilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Je, moto ukiwa wa digrii 10,000,000, utatia nini ndani?

NDOTO YA KULETA JUA DUNIANI

Jua halichomi kuni wala makaa. Katikati yake, penye joto la digrii milioni 15 hivi, viini vya haidrojeni hugongana kwa nguvu mno hata vikaungana na kuwa heliamu, na katika kuungana huko hutoa nishati. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa nchi kadhaa wamejaribu kuyafanya hayo duniani, wakitumia haidrojeni nzito za aina mbili, deuteri na triti. Deuteri hupatikana katika maji ya kawaida, hata ya Ziwa Viktoria. Kwa kuwa hatuna uzito wa jua wa kuvibana viini, hatuna budi kuongeza joto: mitambo ya leo hulenga digrii milioni 150 hivi.

Kwa joto la namna hiyo hakuna kitu kinachobaki kigumu, kimiminika wala gesi ya kawaida. Elektroni huachana na viini vyake, na mchanganyiko huo huitwa plazima. Chungu cha kuihifadhi hakipo, maana ikigusa ukuta hupoa mara moja na kuchafuka. Lakini kwa kuwa chembe zake zina umeme, nguvu ya sumaku huweza kuizuia isiguse ukuta. Warusi walibuni chombo kiitwacho tokamaki, chenye umbo la ngata, ile ambayo mama zetu huweka kichwani wanapobeba ndoo ya maji. Plazima huzunguka ndani ya ngata hiyo, ikishikiliwa na sumaku pande zote.

Sasa tatizo la kipimo. Waya wowote ukitiwa katika plazima ya namna hiyo huyeyuka. Isitoshe, plazima yenyewe ni nyepesi ajabu. Uzito wake ni sehemu moja tu katika milioni kadhaa za uzito wa hewa tunayovuta. Kuitia chombo ni sawa na kutumbukiza chuma baridi katika kijiko cha chai ili kujua chai ina joto gani. Utapata joto la chuma chako, na chai utakuwa umekwisha kuiharibu. Kwa hiyo mpimaji anatakiwa kuupima moto asiugusi, na asiubadilishe kwa kuupima.

AIBU YA MWAKA 1958

Kutopima vizuri kuliwahi kuleta aibu kubwa. Mnamo Januari 1958, kule Harwell nchini Uingereza, mkuu wa kituo cha utafiti, Sir John Cockcroft, alitangaza habari za mtambo ulioitwa ZETA. Plazima yake ilidhaniwa kuwa na digrii milioni 5, na nyutroni zilikuwa zikitoka. Alipoulizwa na waandishi wa habari alisema ana hakika kwa asilimia 90 kwamba nyutroni hizo zilitokana na viini kuungana kwa ajili ya joto. Magazeti yakaandika kwamba Waingereza wameliteka jua.

Ilipofika Mei mwaka huo huo ilibidi wayarudie maneno yao. Nyutroni zilikuwapo kweli, lakini zilitoka kwa chembe chache zilizosukumwa na umeme zikaenda kasi peke yake. Plazima kwa ujumla haikuwa na joto lile. Ni kama kuona vijana wawili wakikimbia sokoni ukaandika kwamba soko zima linakimbia.

Cockcroft hakuwa mdanganyifu. Alikuwa mwanasayansi mkubwa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kosa lilikuwa kukisia joto kwa dalili isiyo ya moja kwa moja. Baadhi ya watu waliofanya kazi kwenye ZETA walibaki na funzo hilo moyoni. Waliohamia kituo kipya cha Culham katika miaka ya 1960 walijishughulisha mno na ufundi wa vipimo. Mgema aliyeharibikiwa tembo mara moja huonja mara mbili kabla ya kuuza.

LEZA HUPIMAJE?

Tarehe 16 Mei 1960 Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, akitumia kipande cha yakuti nyekundu. Mwanga wa taa ya kawaida una rangi nyingi na hutawanyika kila upande. Mwanga wa leza una rangi moja tu, nao huenda pamoja kama mkuki mwembamba. Haikuchukua miaka mingi wataalamu kutambua kwamba mkuki huo unaweza kupita katikati ya plazima bila kuijeruhi na kutoka na habari.

Wanafunzi, someni hapa polepole, maana ndipo penye kiini cha mambo. Mwanga ukikutana na elektroni iliyo huru, elektroni hutikisika na kuutupa sehemu ndogo ya mwanga huo pande zote. Jambo hili lilielezwa na J. J. Thomson, yule yule aliyeitambua elektroni mwaka 1897, na mtawanyiko huo huitwa kwa jina lake. Kama elektroni imetulia, mwanga unaotupwa huwa na rangi ile ile ya leza. Lakini elektroni za plazima hazijatulia. Kumbukeni lori litokalo Muleba kuja Bukoba likipiga honi pale Kemondo: linapokujia sauti huwa nyembamba, likishakupita sauti huwa nzito, ingawa honi ni ile ile. Mwanga nao una tabia hiyo. Elektroni inayokuja hubadili rangi upande mmoja, inayokwenda huibadili upande wa pili. Kadiri plazima inavyokuwa na joto, ndivyo elektroni zinavyokwenda kasi, na ndivyo rangi inavyotanuka. Pima upana wa rangi, umepata joto. Hesabu wingi wa mwanga, umepata wingi wa elektroni.

Katika plazima ya digrii milioni 10, kasi ya kawaida ya elektroni ni kilomita 19,000 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo ingeizunguka dunia kwa muda wa sekunde mbili. Wekundu wa leza ya yakuti hutanuka hata ukafikia rangi ya chungwa upande mmoja, na upande wa pili ukaingia katika wekundu ambao jicho halioni.

Kusema ni rahisi. Kuunda chombo ndiyo kazi. Mbunifu wa mtambo huo hukutana na maadui watatu.

Adui wa kwanza ni uchache wa mwanga. Mwanga nao huenda kwa chembe chembe. Katika kila chembe bilioni 100 zinazopita sentimita moja ya plazima ya namna hiyo, zinazotawanywa ni kama mbili tu, na nyingi hupotelea pande ambazo chombo hakizioni. Ndiyo maana leza haina budi kuwa na nguvu nyingi sana, na lenzi za kupokea ziwe pana.

Adui wa pili ni plazima yenyewe, maana nayo inang'aa. Ukiacha jicho la chombo wazi, mng'ao huo utafunika kila kitu. Dawa yake ni kuitoa nguvu yote ya leza kwa mpigo mmoja mfupi. Gawanya sekunde moja mara bilioni moja, kisha chukua makumi machache tu ya sehemu hizo. Mpigo hudumu muda huo. Chombo hufumbua jicho kwa muda huo huo na kulifumba. Katika dakika hiyo ndogo kupita kiasi, mwanga wa leza hushinda mng'ao wa plazima.

Adui wa tatu ndiye mjanja zaidi: mwanga wa leza unaogonga madirisha na kuta na kurudi. Huu huweza kuwa mwingi kuliko habari unayoitafuta mara elfu nyingi. Mbunifu hupanga vizuizi vyenye matundu katika njia ya kuingilia, na mwisho wa safari huweka shimo jeusi la kuumeza mwanga uliobaki. Kisha hutegemea siri moja: mwanga uliogonga ukuta haukubadilika rangi, bali mwanga uliogonga elektroni umebadilika. Kwa hiyo huitupa rangi ya leza yenyewe na kusoma rangi zilizo kando yake.

Mwisho kabisa, chombo hupimwa chenyewe kabla ya kupima. Hujazwa gesi ambayo wingi wake unajulikana, leza hupigwa, na mwanga unaotawanyika huandikwa. Ni lile jiwe la mizani ambalo kila mtu anajua uzito wake, linalowekwa kwanza ili mizani ithibitishwe mbele ya watu.

NOVOSIBIRSK NA MOSCOW

Sasa turudi kwenye historia. Mnamo Agosti 1968 wataalamu wa dunia walikutana Novosibirsk, Siberia, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Lev Artsimovich, kiongozi wa watafiti wa Kisovieti, alisimama akatangaza kwamba tokamaki yao iitwayo T-3, iliyoko Taasisi ya Kurchatov mjini Moscow, imefikisha elektroni kwenye joto la karibu digrii milioni 10, na plazima yake hudumu muda mrefu kuliko ya mitambo ya Magharibi.

Wageni wengi hawakuamini. Joto hilo halikupimwa moja kwa moja. Lilikisiwa kwa dalili za sumaku. Wote walikuwa wakiikumbuka ZETA. Wamarekani walidhani huenda elektroni chache za kasi ndizo zilizowapotosha Warusi, kama nyutroni zilivyowapotosha Waingereza. Na siasa nayo ilikuwa imechacha: mwezi huo huo vifaru vya Kisovieti viliingia Prague.

Artsimovich angeweza kununa. Angeweza kusema, ninyi mabepari hamtupendi. Yeye alifanya kama mkulima mwaminifu wa kahawa: alimwita mwenye shaka asogee kwenye mizani. Alimwalika mkuu wa Culham, Bas Pease, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa ZETA, alete watu wake na leza yao Moscow, waipime T-3 kwa mikono yao.

Mwaka 1969 Waingereza walisafirisha vyombo vyenye uzito wa tani 5 hivi. Waliokwenda ni Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock, na upande wa wenyeji alifanya kazi nao V. V. Sannikov. Fikirini hali yenyewe. Taasisi ya Kurchatov ilikuwa mahali palipotoka bomu la atomiki la Kisovieti, na humo wakaingia Waingereza na masanduku yao katika zama za vita baridi. Kila kioo kilipaswa kunyooshwa kwa kipimo cha unywele. Kila mpigo wa leza ulipaswa kuangukia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ambayo plazima ipo.

Walipofaulu kuutenganisha mwanga wa elektroni na takataka zote, rangi ilionekana imetanuka. Joto lilikuwa digrii milioni 10 hivi. Na kwa kuwa umbo la mtanuko lilikuwa lile linalotarajiwa kwa elektroni zote kwa pamoja, ikajulikana kwamba si vijana wawili wanaokimbia, ni soko zima. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 1 Novemba 1969, majina ya Waingereza na Mrusi yakiwa pamoja.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Maabara ya Princeton, Marekani, ilikuwa na mtambo mkubwa wa aina nyingine. Uligeuzwa kuwa tokamaki, nao ukaanza kazi mwaka 1970. Nchi nyingine zikafuata. Njia ambayo utafiti wa dunia umeishika tangu hapo iliamuliwa na kile kipimo kimoja. T-3 ilikuwa na joto lile lile kabla ya Waingereza kufika na baada ya wao kuondoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa wote walijua, na hakuna aliyeweza kusema kuwa ngozi ya ngoma imevutwa upande mmoja.

BAADA YA HAPO

Leza imekuwa jicho la kawaida la mitambo hiyo. Huko Culham ulijengwa mtambo wa Ulaya ulioitwa JET, ulioanza kazi mwaka 1983. Mwaka 1987 wataalamu wake walianza kutumia njia mpya: mpigo wa leza mfupi mno hata urefu wake wote angani ulikuwa sentimita 9 hivi. Mpigo huo hupita plazima kama mkuki mfupi, na mwanga unaorudi hupimwa kwa muda uliochukua. Mwanga uliowahi kurudi umetoka karibu, uliochelewa umetoka mbali. Ni kama mtu apigaye ukelele bondeni na kujua umbali wa kila kilima kwa mwangwi wake. Kwa dirisha moja tu walipata joto la njia nzima. JET ilifanya kazi hadi Desemba 2023, na miezi miwili kabla ya kuzimwa ilitoa nishati ya megajuli 69 katika jaribio moja, kiasi ambacho mtambo wa aina yake haukuwahi kutoa kabla.

Huko Cadarache, Ufaransa, unajengwa mtambo mkubwa zaidi, ITER, kwa ushirikiano wa mataifa ya Ulaya, Urusi, Marekani, Uchina, Uhindi, Japani na Korea Kusini. Wabunifu wa leza wana tatizo ambalo wale wa mwaka 1969 hawakuwa nalo. Nyutroni zitakuwa nyingi mno hata haifai kuwa na tundu lililonyooka kutoka kwenye plazima hadi chumba cha vyombo. Mwanga utapinda kona kwa vioo ndani ya ukuta mnene; mwanga hufuata kioo, nyutroni hugonga ukuta na kukwama. Lakini kioo cha kwanza kitautazama moto uso kwa uso, kitaingia vumbi, kitachakaa, wala hakuna mtu atakayeweza kuingia kukifuta. Ni vijana walio leo madarasani duniani ndio watakaoendelea kulifanyia kazi tatizo hilo.

Je, na vijana wa kwetu? Mwaka 1964 Mpakistani Abdus Salam alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi changa. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni kuwakutanisha wataalamu wa plazima wa Mashariki na wa Magharibi, miaka michache kabla ya safari ya Moscow. Kituo hicho kingali kinapokea vijana wa Afrika. Mlango upo. Anayetaka kuupita anahitaji hesabu, fizikia, na mkono uliozoea vyombo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mimi nachukua mambo mawili.

La kwanza: mtengenezaji wa kipimo hasifiwi kama mwasha moto, lakini pasipo yeye moto hubaki maneno. Tunawakumbuka waliojenga tokamaki; ni wachache wanaowakumbuka waliobeba masanduku ya tani 5 hadi Moscow. Katika maisha yetu ya kila siku ni hivyo hivyo. Mkaguzi wa hesabu, mpima ardhi, mpima damu hospitalini, karani wa mizani: hawa ndio wanaoufanya ukweli uwe mali ya wote.

La pili linanigusa zaidi. Wazee wa Buhaya waliujua moto wao. Hawakuhitaji mgeni awaambie kwamba una joto. Hata hivyo, ilibaki kidogo tu elimu hiyo ipotee. Waliowajengea Schmidt na Avery lile tanuri walikuwa wazee, na kama wageni hao wangechelewa miaka 20, huenda asingepatikana hata mmoja aliyewahi kushika mvukuto. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali. Kumbukumbu za moto wetu ziko katika majarida ya Marekani kwa sababu sisi wenyewe hatukuziandika. Sisemi hayo kwa kuwalaumu waliotangulia. Shule kama yetu zilianzishwa ili jambo hilo lisirudie.

Basi tutakapokutana, ndugu zangu, pamoja na nyimbo na mazungumzo ya mabwenini, twende pia tukaitembelee maabara. Tuhesabu vipimajoto vizima, lenzi zisizokwaruzwa, mizani inayosema kweli. Palipo na upungufu tuchangie, kila mtu kwa kadiri yake. Na ninyi wadogo zetu, mnapoandika matokeo ya majaribio, msiandike namba ambayo kitabu kinaitaka. Andikeni ile mliyoisoma, kisha mwiteni mwenzenu anayewabishia aje aisome naye.